Uso Wako Usipokwenda Nasi: Mwongozo wa Kumthamini Mungu Kuliko Baraka Zinazofuata Utii

Katika sura ya 33 ya kitabu cha Kutoka, Mungu anawaambia Waisraeli jambo ambalo mtu mwenye njaa ya baraka angelipokea kama jibu la maombi yake yote. Nchi waliyoapiwa baba zao wataipata. Malaika atawatangulia na kuwafukuza Wakanaani, Waamori, Wahiti, Waperizi, Wahivi na Wayebusi. Maziwa na asali vitakuwapo kama ilivyosemwa. Ila Mungu mwenyewe hatakwea pamoja nao, kwa maana ni watu wenye shingo ngumu. Biblia inaziita hizo habari mbaya, nayo inaeleza kwamba watu walisikitika na hakuna aliyevaa mapambo yake. Musa naye akajibu: “Uso wako usipokwenda pamoja nami, usituchukue kutoka hapa.”

Ninaanzia hapo kwa sababu swali lile la mlimani Sinai, yaani kama tunamtaka Mungu mwenyewe au baraka zake tu, hutufikia sote, ingawa mara nyingi hutufikia kimyakimya. Mwongozo huu ni kwa Mkristo anayejitahidi kutii: anatoa fungu la kumi, anafunga, amekataa rushwa kazini, anaishi na mwenzi wake kwa uaminifu, na kwa namna fulani ameyaona matunda ya utii huo. Mtu huyu yumo katika hatari ambayo mimbarini haisemwi sana. Anaweza kutii kwa miaka ishirini huku moyo wake umependa kile kinachofuata utii, na asilitambue hilo mpaka siku kile kinachofuata kitakapochelewa.

Kabla ya kuingia kwenye hatua zenyewe, jambo moja liwekwe wazi. Baraka si adui. Kumbukumbu la Torati 28 inaahidi uzao, ghala, mvua na kikapu kilichojaa, na Yakobo anaandika kwamba kila kutoa kuliko kwema hutoka juu. Mtu anayejitia kuzidharau baraka ili aonekane wa kiroho anamdharau aliyezitoa. Lakini hebu tuangalie neno lililotumika katika sura hiyo ya 28, mstari wa 2: baraka hizo “zitakujilia na kukupata.” Zenyewe ndizo zinazotembea. Mtu aliyeagizwa kumfuata Bwana hakuagizwa kugeuka nyuma na kuzikimbilia.

Hatua ya kwanza: fuatilia dhahabu ilikopita

Kabla ya kujipima, soma Kutoka 12, 32, 35 na 36 kwa mfululizo, ikiwezekana kwa siku moja, ukiwa na kalamu mkononi. Usomaji huu unachukua muda mfupi, nao umenifundisha juu ya baraka kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Katika sura ya 12 Waisraeli wanatoka Misri wakiwa na vyombo vya fedha na vya dhahabu walivyopewa na Wamisri. Dhahabu ile ilikuwa baraka halali, iliyoahidiwa tangu siku za Abrahamu, alipoambiwa katika Mwanzo 15 kwamba uzao wake utatoka utumwani na mali mengi. Katika sura ya 32, Musa alipokawia mlimani, Haruni akawaambia watu wavunje pete za dhahabu zilizokuwa masikioni mwa wake zao, wana wao na binti zao, na dhahabu ya Misri ikawa ndama. Katika sura ya 35 watu wale wale wanaleta vipini, hazama, pete na vikuku, na katika sura ya 36 wanaleta kwa wingi hata mafundi wakamwendea Musa kulalamika kwamba vimezidi, naye akalazimika kupiga mbiu kambini kuwazuia watu wasilete tena. Sura ya 38 inataja hata uzito wa dhahabu iliyotumika mahali patakatifu: talanta 29 na shekeli 730.

Dhahabu ni ile ile. Ilipokelewa kama zawadi, ikaabudiwa kama mungu, kisha ikatolewa kwa ajili ya maskani ambayo Mungu alitaka kukaa ndani yake kati ya watu wake. Tofauti yote ilikuwa katika kile watu walichokifanya nayo walipoona Mungu anakawia. Andika pembeni mwa Biblia yako jambo moja ulilopewa na Mungu ambalo limewahi kupita katika hatua hizi tatu, au ambalo hivi sasa limekwama kwenye ya pili. Kwa mtu mmoja itakuwa ajira, kwa mwingine mtoto aliyeombewa kwa miaka mingi, kwa mwingine huduma yenyewe. Ndiyo, hata huduma. Wale wanafunzi sabini waliotumwa na Yesu walirudi kwa furaha wakisema pepo wanawatii, na Bwana akawaambia wafurahi zaidi kwamba majina yao yameandikwa mbinguni.

Hatua ya pili: lihesabu daftari lako la maombi

Chukua daftari na uandike, kwa siku thelathini, kila jambo unalomwomba Mungu kwa maneno yako mwenyewe. Usijirekebishe wala usiandike unachodhani kinapaswa kuombwa. Mwezi ukiisha, pitia orodha na uweke alama ya aina mbili: mstari mmoja chini ya kila ombi la kupewa kitu au kuondolewa shida, na duara kuzunguka kila ombi la kumjua Mungu, kumpenda, kumwona, au kufanywa mtakatifu kama yeye.

Nilifanya hivyo kwa mara ya kwanza katika daftari la kurasa 96 ambalo bado ninalo. Maombi yalikuwa 47. Ada ya shule ilitokea mara kumi na moja, na kwa wino tofauti, kwa sababu kila nilipoandika nilikuwa nimekaa mahali pengine na kalamu nyingine. Uhamisho wa kazi ulitokea mara saba. Duara zilikuwa mbili, na moja ya hizo niliiandika Jumapili baada ya mahubiri yaliyonigusa. Sikuwa mtu wa dunia. Nilikuwa mzee wa kanisa, na wengi waliniona kuwa mwombaji.

Usikate tamaa ukikuta hali kama hiyo, na tena usiifute. Yesu aliwaambia makutano waliomfuata ng'ambo ya bahari, “Ninyi mnanitafuta, si kwa sababu mliona ishara, bali kwa sababu mlikula ile mikate mkashiba,” lakini hakuwafukuza. Alikaa akawafundisha juu ya mkate wa uzima. Anayekuja kwa ajili ya mkate amekwisha kuja kwenye mlango wenyewe. Tunachohitaji ni kukubali kwanza kwamba tumekuja kwa ajili ya mkate.

Hatua ya tatu: salimia kabla ya kupokea mfuko

Katika nyumba zetu, baba au mama akirudi safari watoto humkimbilia. Mtoto aliyefundishwa vizuri husema shikamoo, hushika mkono, huuliza habari za njiani, kisha hupokea mfuko. Yule asiyefundishwa huanza na mfuko, na pengine huingia nao ndani akiwa ameinama anachungulia, mwenye mfuko akabaki amesimama mlangoni. Mzazi atafurahi kwamba zawadi imependwa. Hata hivyo ameshaona.

Badilisha mpangilio wa maombi yako kwa kufuata adabu hiyo tuliyolelewa nayo. Ukiwa na dakika thelathini asubuhi, kumi za kwanza zisiwe na ombi hata moja. Fungua zaburi, uisome kwa sauti, kisha umwambie Mungu yale ambayo zaburi inasema juu yake. Zaburi ya 63, 84, 103 na 145 zinafaa kuanzia. Baadaye ingia katika Zaburi ya 27, ambamo Daudi, akiwa amezungukwa na adui, anasema ametaka neno moja tu kwa Bwana, yaani kukaa nyumbani mwake na kuutazama uzuri wake. Siku za mwanzo dakika hizo kumi zitaonekana ndefu sana na utajikuta ukirudi kwenye ada na kodi ya nyumba bila kukusudia. Kila ukijikuta huko, rudi kwenye mstari uliokuwa unausoma. Kwa mtu aliyezoea kuomba kwa kasi, wiki ya tatu ndipo mambo huanza kutulia.

Baada ya hapo omba mahitaji yako yote bila aibu. Sala ya Bwana ina riziki ndani yake, nayo imekuja baada ya jina, ufalme na mapenzi ya Baba. Wapo waliofundishwa kwamba kuomba vitu ni uchanga wa kiroho, wakaacha kuomba, na mwishowe wakaacha hata kushukuru, kwa kuwa hawakuwa na jambo lolote waliloliona likitoka mkononi mwa Mungu. Hilo nalo ni kosa.

Hatua ya nne: ilinde saa ya baada ya kujibiwa

Hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu zaidi, kwa sababu tumezoea kudhani imani hujaribiwa wakati wa ukame tu. Kumbukumbu la Torati 8 linaonya juu ya wakati mwingine kabisa: umekula na kushiba, umejenga nyumba nzuri na kukaa ndani yake, ng'ombe na kondoo wameongezeka, ndipo moyo unapoinuka na kumsahau Bwana. Kwa hiyo mstari wa 10 unaagiza kwamba mtu akiisha kula na kushiba, amshukuru Bwana. Sisi wengi huomba kabla ya chakula. Ni vizuri, lakini ni watu wangapi wanaoinamisha vichwa tena sahani zikiwa tupu?

Wakoma kumi katika Luka 17 wote walitii. Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao wakaenda, na walipokuwa njiani wakatakasika. Kama kipimo kingekuwa utii na baraka peke yake, wote kumi wangekuwa wamefaulu, tena kwa ushuhuda mkubwa. Mmoja, Msamaria, alipoona amepona alirudi, akaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu. Ndipo likaja swali, “Wale kenda wa wapi?” Walikuwa njiani kwenda kwa makuhani, kule walikoagizwa, wakiwa wazima wa mwili.

Fanya hivi, basi. Jibu likija, iwe ni ujumbe wa simu kwamba umepata kazi, au matokeo ya hospitali, au hati ya kiwanja, usilitangaze mara moja. Simu iweke chini. Tafuta mahali pa faragha, hata kama ni stoo au nyuma ya nyumba, upige magoti na umwambie Mungu kwamba unamshukuru, kisha umwambie jambo la pili: kwamba angekuwa mwema vilevile kama jibu lingekuwa hapana. Ukishindwa kulisema hilo la pili, usilazimishe maneno; mwambie kwamba umeshindwa na uombe moyo wa kuliweza. Baada ya hapo waarifu ndugu na marafiki. Kuchelewa kwa nusu saa hakumpunguzii mtu furaha.

Siku ya kutoa ushuhuda kanisani, uandae kwa maandishi. Shuhuda zetu nyingi zina mpangilio mmoja: nilifunga siku saba, nikatoa sadaka, Mungu akanipa gari. Msikilizaji anatoka na hesabu kichwani, na yule dada aliyekaa benchi la nyuma, aliyefunga siku ishirini na moja kwa ajili ya mtoto na bado hajapata, anatoka na jiwe moyoni. Mimi hupendekeza ushuhuda uwe na sehemu hizi: niliyokuwa nayapitia, nililolijua juu ya Mungu wakati nilipokuwa bado sijapata, na mwisho, kwa maneno machache, nilichopewa. Kama sehemu ya pili haina kitu, subiri. Ushuhuda hauozi.

Hatua ya tano: toa bila kuambatanisha ombi

Malaki 3:10 husomwa karibu kila Jumapili wakati wa sadaka, na ahadi yake ni ya kweli. Lakini kitabu cha Malaki kinaanza na maneno “Nimewapenda ninyi,” na malalamiko ya Mungu katika sura ya kwanza ni kwamba watu wanaleta wanyama vipofu, vilema na wagonjwa ambao wasingethubutu kumpelekea liwali wao. Mungu alikuwa anadai heshima ya mtu anayependwa. Anayesoma sura ya 3 bila ya 1 atatoa kwa usahihi kabisa, asilimia kumi bila kupungua senti, huku amemgeuza Mungu kuwa benki.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza. Mara moja kila miezi mitatu, toa kitu kinachokuuma kidogo, kwa mtu asiyeweza kukulipa, bila bahasha yenye jina lako, na usiombe lolote juu ya sadaka hiyo. Usiseme “Bwana, kwa mbegu hii naomba.” Sema alichosema Daudi katika 1 Mambo ya Nyakati 29, kwamba vitu vyote vyatoka kwake na katika vitu vyake tumempa. Mwenzi wako wa ndoa ajue, kwa ajili ya amani ya nyumba, wengine wasijue.

Hatua ya sita: mtafute mtu wa kukuuliza

Moyo haujikagui vizuri peke yake. Mchague mtu mmoja mcha Mungu, mkubwa kwako kiroho, asiyenufaika na mali yako, umpe ruhusa akuulize kila mwezi maswali mawili: je, umekaa na Mungu bila haja, na ni kitu gani ambacho kikiondoka leo utamkasirikia Mungu? Watu wa uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda na Namirembe nchini Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 na ukafika Kenya na Tanganyika, walikuwa na desturi ya kukutana na “kutembea nuruni,” yaani kuyasema wazi yaliyo moyoni mbele ya wenzao. Wazee wetu walifaidika sana na desturi hiyo. Miezi mitatu ikipita, rudia zoezi la daftari na umwonyeshe mtu huyo kurasa zote mbili.

Hatua ya saba: utii usipoleta kitu

Ibilisi alimuuliza Mungu swali ambalo ndilo kiini cha jambo hili lote: “Je! Huyo Ayubu yuamcha BWANA bure?” Kitabu kizima kinalijibu. Shadraka, Meshaki na Abednego walilijibu kwa maneno machache mbele ya tanuru, waliposema kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, “Bali kama si hivyo.” Mnamo tarehe 3 Juni 1886 pale Namugongo, vijana wa Buganda, Waanglikana na Wakatoliki, walichomwa moto kwa sababu walimtii Kristo, na hakuna malaika aliyeuzima moto ule. Katika miaka ya 1950 huko Kenya, Wakristo wa uamsho waliokataa kula kiapo cha Mau Mau, na wakakataa pia kushika silaha upande wa serikali, baadhi yao waliuawa.

Kama uko katika kipindi cha namna hiyo, usianze kwa kutafuta dhambi iliyofungia baraka, isipokuwa Roho anakuonyesha waziwazi. Marafiki wa Ayubu walianzia hapo, na Mungu akawaambia hawakusema yaliyo sawa. Lia, kwa maana zaburi za maombolezo ni nyingi kuliko tunavyoziimba. Soma Zaburi ya 73, ambayo mwandishi wake anakiri kwamba alijiona ameusafisha moyo wake bure, mpaka alipoingia patakatifu na kutoka na maneno haya: “Ni nani niliye naye mbinguni, wala duniani sina cha kupendeza ila Wewe.” Endelea na utii mmoja mdogo kila siku, hata kama ni kwenda ibadani tu na kurudi. Na kama wewe ni mwenye afya na unamtembelea aliyefiwa au mgonjwa, usimletee mafundisho haya. Mletee chakula, ukae naye.

Mwisho wa kitabu chake, Habakuki anahesabu mtini usiochanua, mzabibu usio na tunda, mzeituni uliodanganya, shamba lisilotoa chakula na zizi lisilo na kundi, kisha anasema atamfurahia Bwana. Nilizisoma aya hizo kwa miaka mingi kama ushairi. Mwaka mmoja mvua zilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, na sikukuu ya mavuno ikafika hivyo hivyo. Usharikani kwetu mavuno hunadiwa nje baada ya ibada: mikungu ya ndizi, magunia, kuku waliofungwa miguu. Mwaka ule meza ilikuwa na vitu vichache sana. Mzee mmoja wa jumuiya yetu alikuja amevaa koti lake la ibada, akaweka mbele ya madhabahu fungu la mabua makavu ya mahindi lililofungwa vizuri kwa kamba ya mgomba, akasimama akaimba nasi nyimbo zote. Aliyekuwa akinadi alipofika kwenye lile fungu alilinyanyua, akamtazama mchungaji, akalirudisha mezani taratibu bila kutaja bei.